Nyumba ya Kijani: Tusome Cheti Kabla ya Kulipa

Mwezi uliopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja anayeishi katika kambi ya polisi hapa Kampala. Mumewe ni sajini, naye yu karibu kustaafu. Kiinua mgongo chake ndicho fungu kubwa la kwanza na la mwisho la fedha watakaloshika pamoja maishani mwao, na wameazimia kulitumia kununua nyumba. Wameiona moja nje ya mji, yenye vyumba vitatu, katika mtaa mpya ambako bango kubwa lasema kwamba nyumba zote ni "nyumba za kijani zilizothibitishwa kimataifa". Bei yake imezidi bei ya nyumba za jirani kwa sehemu moja ya kumi. Tena mama huyo ana mtoto wa kitinda mimba anayeugua pumu. Akaniuliza: "Mwalimu, ukijani huu hupimwa na nani, kwa kipimo gani, na sisi tukilipa ziada hiyo tutapata nini?"

Swali hili si la familia moja. Askari wengi huishi miaka ishirini au thelathini katika nyumba za serikali, ambako hawachagui dirisha wala paa. Siku wanapotoka kambini ndipo wanapojikuta kwa mara ya kwanza mbele ya muuzaji wa nyumba. Wengi wenu mmeishi katika yunipoti, vile vibanda vya bati vya mviringo, ambavyo mchana huwa tanuri na alfajiri huwa baridi kama kisima. Mtu aliyetoka humo akionyeshwa ukuta wa tofali na bango la kijani, ni rahisi kuamini kila neno analoambiwa. Kwa hiyo yafaa juma hili tuvifungue vyeti hivi, tuone kilichoandikwa ndani.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Ukijani wa nyumba si rangi ya mabati. Nyumba huitwa ya kijani ikiwa yatumia umeme na maji kwa uangalifu, imejengwa kwa vifaa visivyoharibu mno misitu na hewa, na yawapa wakaaji wake afya. Sababu ya kuzipima ni kubwa. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, majengo na kazi za ujenzi hutoa kiasi cha theluthi moja ya hewa ya ukaa inayotokana na matumizi ya nishati duniani. Lakini kila mjenzi aweza kujisifu, na sifa haina mizani. Ndiyo maana Waingereza walianzisha mwaka 1990 mpango wa kupima majengo uitwao BREEAM. Nchini Marekani, baraza lililoundwa mwaka 1993 lilianzisha mpango uitwao LEED, ambao tangu mwaka 2008 una sehemu yake maalumu ya nyumba za kuishi. Nalo shirika la IFC, ambalo ni tawi la Benki ya Dunia, lilitengeneza mpango uitwao EDGE kwa ajili ya nchi kama zetu. Huo wa mwisho ndio uliotajwa katika bango la mama yetu.

Mitihani ya namna tatu

Mimi nilisomea ualimu, kwa hiyo naona wepesi kuieleza mipango hii kama mitihani. Iko ya namna tatu, na hailingani.

Namna ya kwanza ni mtihani wa kujumlisha alama, na mfano wake ni LEED. Katika toleo lake la nne alama zote ni 110. Masomo ni mengi: mahali nyumba ilipo na umbali wa usafiri, kiwanja chenyewe, maji, nishati, vifaa vya ujenzi, na hewa ya ndani. Yako mambo ya lazima ambayo asiyeyatimiza hatahiniwi kabisa. Baada ya hayo, kila jema huleta alama. Mwenye alama 40 hupewa cheti cha kawaida, mwenye 50 hupewa Fedha, mwenye 60 Dhahabu, na mwenye 80 Platinamu. Mkaguzi asiye mtu wa mjenzi hufika kwenye nyumba na vyombo vyake kupima. Uzuri wa mtihani huu ni upana wake. Udhaifu wake ni kwamba mwanafunzi aliyeshindwa somo moja aweza kujiokoa kwa somo jingine, kama yule kijana ajuaye kuchora ramani lakini hajui kugawanya.

Namna ya pili ni mtihani wa kufaulu masomo yote, nao ndio EDGE. Masomo yake ni matatu tu: nishati, maji, na vifaa vya ujenzi, yaani nishati na hewa ya ukaa iliyokwisha kutumika katika kutengeneza saruji, tofali, chuma na vioo vya nyumba hiyo. Katika kila somo nyumba haina budi kuonyesha kwamba imeokoa angalau asilimia 20. Hakuna kukopesha: aliyeokoa asilimia 35 ya umeme lakini akaokoa asilimia 15 ya maji ameshindwa. Iko pia daraja ya juu kwa nyumba iliyookoa asilimia 40 au zaidi ya nishati.

Namna ya tatu ni jaribio la kipimo kimoja kikali, kama mbio ambazo askari hukimbia kwa saa mkononi. Mfano wake ni nyumba ya Wajerumani iitwayo Passivhaus, ambayo ya kwanza ilijengwa katika mji wa Darmstadt na kukaliwa mwaka 1991. Kwa kupasha joto nyumba hiyo haitakiwi kuzidi yuniti 15 za nishati kwa kila mita ya mraba kwa mwaka mzima. Hata uvujaji wa hewa hupimwa. Hufungwa feni kubwa mlangoni, nyumba ikasukumwa hewa, ikaonekana inavuja kwa kadiri gani. Ukivuka kiwango umeshindwa, na utetezi wako hautasikilizwa. Kipimo hicho kilizaliwa katika nchi ya baridi, wala sikitaji ili tukiige. Nakitaja ili tuone kwamba neno moja, "imethibitishwa", laweza kuwa na maana tatu zilizo mbali mbali.

Asilimia 20 ya nini?

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Muuzaji akisema kwamba nyumba imeokoa asilimia 20 ya umeme, yafaa aulizwe mara moja: asilimia 20 ya umeme upi? Si umeme wa yunipoti uliyotoka, wala si wa nyumba ya jirani. EDGE hulinganisha nyumba inayopimwa na nyumba ya kulinganishia, ambayo haipo popote duniani isipokuwa katika hesabu za kompyuta. Ni nyumba yenye ukubwa ule ule, katika mji ule ule, iliyojengwa kwa namna ya kawaida ya nchi hiyo.

Tuchukue mfano wa namba za kufundishia tu. Nyumba kubwa yenye cheti, ambayo ya kulinganishia ingetumia yuniti 300 kwa mwezi, ikiokoa asilimia 20 hutumia yuniti 240. Nyumba ndogo ya vyumba viwili isiyo na cheti chochote hutumia yuniti 120. Ni ipi iliyo ya kijani zaidi? Cheti kimo katika nyumba ya kwanza, lakini bili ndogo imo katika ya pili. Wamarekani waliliona tatizo hili. Katika mpango wao wa nyumba wa mwaka 2008, nyumba iliyo kubwa kuliko kawaida ya idadi ya vyumba vyake vya kulala ilitakiwa kupata alama zaidi ili ifikie daraja lile lile, na iliyo ndogo ikapunguziwa.

Waingereza nao waliwahi kutumia njia iliyo wazi zaidi kwa mwananchi wa kawaida. Kanuni yao ya nyumba iliyoanza mwaka 2007 ilikuwa na ngazi sita, na kwa upande wa maji ilitaja lita zenyewe. Nyumba ya ngazi ya kwanza ilitakiwa iundwe hata mtu mmoja asitumie zaidi ya lita 120 kwa siku, na ya ngazi ya sita asizidi lita 80. Lita ni lita. Kila mwenye ndoo aweza kuzihesabu. Hata hivyo kanuni hiyo ilifutwa mwaka 2015, nyumba zikabaki. Nalo ni fundisho: mpango wa vyeti waweza kufa kabla ya paa kutoboka.

Wala tusiseme kwamba vyeti hivi ni hila. Faida yao kubwa ni kwamba mtu mwingine asiyeuza nyumba ameikagua hesabu. Tena hufungua milango ya fedha: nchini Kenya, kampuni ya Acorn iliuza mwaka 2019 hati za mkopo wa kijani za shilingi za Kenya bilioni 4.3 ili kujenga mabweni ya wanafunzi mjini Nairobi, na vipimo vya EDGE vilitumika kuonyesha kwamba mabweni hayo yastahili jina hilo. Jirani zetu wa Rwanda nao waliingiza viwango vya chini vya majengo ya kijani katika kanuni zao za ujenzi mwaka 2019. Kwa hiyo mambo haya yanakuja kwetu, tupende tusipende, na heri tuyapokee tukiwa tumeyasoma.

Jumamosi saa nane mchana

Nilimwandikia mama yule kwamba barua haitoshi, afadhali twende kuiona nyumba. Tulikwenda Jumamosi, sajini, mkewe na mimi. Niliomba makusudi twende saa nane mchana, kwa maana kila nyumba ni nzuri saa mbili asubuhi.

Muuzaji alitupokea kwa adabu akatuonyesha cheti chenye nembo. Sajini, ambaye kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kusoma vitambulisho vya watu, alikisoma polepole, kisha akauliza: "Bwana, hapa pameandikwa kwamba hiki ni cheti cha awali. Cha mwisho kiko wapi?" Lilikuwa swali la haki. EDGE hutoa vyeti kwa hatua mbili. Cha awali hutolewa kwa kukagua michoro, yaani nyumba ikiwa bado ni karatasi. Cha mwisho hutolewa baada ya nyumba kujengwa na mkaguzi kufika na kuthibitisha kwamba kilichochorwa ndicho kilichojengwa. Muuzaji hakutudanganya, alikiri kwamba cha mwisho bado, na kwamba ukaguzi wa kiwanjani haujafanyika. Lakini bango la barabarani halikusema hivyo.

Tukaingia ndani. Sebule ilikuwa na hewa nzuri: madirisha pande mbili, dari imara, na taa zote za kisasa. Taa hizo si jambo dogo. Taa ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku humaliza yuniti 9 kwa mwezi. Ya kisasa yenye wati 9 hutoa mwanga kiasi kile kile, nayo haifikii hata yuniti moja na nusu. Bafuni mama alitoa saa yake, akaweka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la kuogea, akalifungua. Baada ya dakika moja ndoo ilikuwa na maji pungufu ya lita 8, kama inavyotarajiwa kwa bomba la kubana maji. Choo nacho kilikuwa cha vitufe viwili, kimoja cha maji machache na kimoja cha maji mengi. Katika hayo, cheti kilisema kweli.

Ndipo tulipofika chumba cha watoto. Dirisha lake latazama magharibi, halina kivuli wala ukingo wa paa wa kulilinda, na jua la alasiri lilikuwa limelala juu ya sakafu yote. Mama aliweka kiganja ukutani akakiondoa. Muuzaji alieleza, na alikuwa sahihi, kwamba hesabu ya nishati hufanywa kwa nyumba nzima, na kwa nyumba nzima asilimia 20 imepatikana. Mama akamjibu: "Hesabu imejumlishwa, bwana, lakini watoto wangu hawatalala katika jumla. Watalala katika chumba hiki."

Jikoni tulikuta jambo zito zaidi. Ni chumba kidogo katikati ya nyumba, chenye tundu moja la hewa, hakina dohani. Familia hii hupika kwa makaa, kama familia nyingi za mji huu. Moshi wa jiko la makaa katika chumba kile ungekwenda moja kwa moja kwa mtoto mwenye pumu. Je, cheti kilikosea? La. Hakikuulizwa. Tumeona kwamba LEED ina somo la hewa ya ndani. Masomo ya EDGE ni nishati, maji na vifaa. Aliyefaulu mtihani wa hesabu hajashuhudia kwamba ajua kuogelea.

Tulipotoka, sajini alimwambia muuzaji maneno mafupi. Yuko tayari kununua kwa masharti matatu: sehemu ya mwisho ya bei ilipwe siku cheti cha mwisho, chenye namba ya nyumba ile, kitakapotolewa, dirisha la magharibi lijengewe kivuli, na jiko lipewe dirisha pana na dohani, au lijengwe jiko la nje. Alitaka yote yaandikwe na wakili. Muuzaji aliomba muda wa kushauriana na wakubwa wake. Hadi ninapoandika makala haya hajajibu, na kiinua mgongo cha sajini kingali benki.

Mambo ya kuuliza, na ya kufanya bila cheti

Kwa wasomaji mnaokusudia kununua, yashikeni haya. Ulizeni jina la mpango, kwa maana ndipo mtakapojua ni mtihani gani. Ulizeni kama cheti ni cha michoro au ni cha nyumba iliyokamilika. Ulizeni nyumba imelinganishwa na nini, na idadi ya yuniti na lita zinazotazamiwa kwa mwezi. Nendeni mchana wa jua kali, mkasimame katika kila chumba cha kulala. Kisha jiulizeni wenyewe lile ambalo mtihani haukuliuliza, na ambalo nyumbani kwenu ndilo kubwa.

Na kwa wengi wetu tutakaojenga kidogo kidogo katika viwanja vyetu, pasipo mkaguzi wala nembo, elimu iliyomo katika mipango hii ni mali yetu bure. Kwa kuwa Uganda iko kwenye Ikweta, jua huipiga nyumba kwa nguvu upande wa mashariki na magharibi. Kwa hiyo kuta ndefu na madirisha makubwa vielekezwe kaskazini na kusini, na kuta fupi zipokee jua. Paa litokeze nje ya ukuta liwe mwavuli. Dari isiachwe kuwa kazi ya baadaye, kwani bati lisilo na dari hushusha joto lote juu ya vichwa vya watoto. Tundu za hewa ziwe pande mbili za chumba, upepo upate pa kuingilia na pa kutokea.

Kwa habari ya maji, milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Kampala hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita 50 za mraba, hata tukiacha sehemu ya tano ipotee kwa kumwagika, hukusanya lita 40,000 kwa mwaka, ambazo ni jerikani tano za lita 20 kwa kila siku. Bila shaka mvua hainyeshi kila siku, na ndiyo maana gata bila tangi ni nusu ya kazi.

Kwa habari ya vifaa, tukumbuke kwamba tofali la kuchoma limekula kuni kabla halijafika kiwanjani. Matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine pamoja na saruji kidogo, ambayo hukaushwa bila moto, yamekwisha kutumika katika shule na nyumba nyingi nchini mwetu, nayo husimama imara yakijengwa na fundi anayeyajua.

Mama wa kambini ameniandikia tena juma hili. Asema mumewe amechukua karatasi akachora nyumba ya vyumba viwili kwa ajili ya kiwanja cha marehemu baba yake, endapo muuzaji atakataa. Jiko amelichora nje, upande ambao upepo hautoki. Nimemrudishia mchoro pamoja na sahihisho moja tu: dirisha la chumba cha watoto amelisahau lingali magharibi.

Tuonane juma lijalo katika ukurasa huu, Mungu akipenda.